Bei ya Tochi

Laptopu yangu ilizima kioo usiku wa Jumanne, mwezi wa Agosti, wakati ule ambao upepo wa Dodoma hupuliza vumbi jekundu hadi katikati ya kurasa za madaftari. Nilikuwa sura ya nne ya tasnifu yangu ya uzamili. Feni ilikuwa inavuma, taa ndogo ya chaja inawaka, hata taarabu niliyokuwa nasikiliza iliendelea kuimba kana kwamba hakuna kilichotokea. Kioo peke yake ndicho kilichokuwa cheusi. Nikaifunga, nikaifungua. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaisemesha. Mtu aliyebakiza wiki tatu kuwasilisha tasnifu huongea na vitu.

Asubuhi nilishuka mjini. Duka la kwanza lilikuwa na kiyoyozi na sakafu inayong'aa. Kijana wa kaunta aliiwasha laptopu, akautazama ule weusi kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, akasema: "Kioo kimekufa, dada. Hii ni kubadilisha tu."

Nikauliza bei. Sh180,000. Kioo kingetoka Kariakoo, kingefika kesho kutwa, nami ningetanguliza nusu ya fedha. Sikubisha. Ningebishia nini? Kioo kilikuwa cheusi, yeye ndiye mwenye duka na bisibisi, mimi ndiye mwenye shida. Nilitoka nje nikampigia mama simu Kondoa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema wapo mbuzi wawili aliokuwa anawatunza kwa ajili ya mahafali yangu.

"Mama, hao si wa sherehe?"

"Usipomaliza, sherehe itakuwa ya nini, mwanangu?"

Mbuzi wasingeuzwa kabla ya siku ya mnada. Siku hizo za kusubiri mnada ndizo zilizoniokoa. Ninayeishi naye chumba aliniambia kuna mzee mmoja ana kibanda cha bati karibu na Soko la Majengo, alianza na redio za mbao na sasa anatengeneza kila kitu chenye waya. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na la kufanya, wala si kwa sababu nilikuwa na shaka na duka la kwanza.

Nilimwamkia, akaitikia marahaba. Kabla ya kuigusa mashine aliuliza: "Ilianzaje?"

Swali hilo sikuwa nimeulizwa. Nilianza kueleza na nikajikuta nakumbuka mambo ambayo sikujua kama nayajua. Kwamba wiki mbili kabla, kioo kilikuwa kinapepesa kila ninapoinua mfuniko. Kwamba nikiubonyeza ukingo wa chini kilikuwa kinatulia. Kwamba mwezi wa saba nilizunguka nayo mgongoni juu ya bodaboda katika vijiji vya Bahi, nikikusanya data, na barabara zile kila mtu anazijua. Mzee alitikisa kichwa kama anayesikiliza habari za mgonjwa.

Akaiwasha. Akashusha pazia la kibanda ili jua lisiingie. Kisha akachukua simu yake, akawasha tochi, akaisogeza karibu kabisa na kioo, kwa upande, kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.

"Angalia hapa, binti."

Nikainama. Ndani ya weusi, hafifu kama kitu kilicho chini ya kisima, niliyaona mafaili yangu. Sura ya kwanza, sura ya pili, picha ya mama niliyoiweka nyuma. Vyote vilikuwepo. Vilikuwepo usiku kucha.

"Kioo hiki kizima," alisema. "Kinachora. Kilichokosekana ni taa ya nyuma yake."

Alinieleza huku mikono yake ikiendelea. Kioo cha laptopu kama yangu hakina mwanga wake chenyewe. Ni kama pazia lenye maua lililotundikwa dirishani: maua utayaona vizuri jua likiwa nyuma. Jua lenyewe ni mstari wa taa ndogo za LED zilizopangwa ukingoni, na mwanga wake husambazwa na karatasi za plastiki nyuma ya picha. Taa zikikosa umeme, picha itachorwa gizani. Ukimulika kwa nje, utaiona. Usipoiona kabisa, hapo tatizo ni jingine.

Tochi haikumtosha. Alichukua kebo ya HDMI akaiunganisha laptopu na televisheni ndogo ya kibandani, na picha ikaja safi. Kwa hiyo bodi kuu ilikuwa inatoa picha. Kilichobaki kilikuwa baina ya bodi na kioo. Akaizima, akachomoa betri, akabandua fremu ya plastiki taratibu kwa kucha, akafungua skrubu nne, akakilaza kioo juu ya kibodi kama mtoto kifudifudi. Nyuma yake, chini ya kipande cha utepe, kulikuwa na kebo bapa na kichwa chake cha pini. Upande mmoja wa kichwa kile ulikuwa umeinuka, kiasi cha unene wa ukucha, na chini yake kulikuwa na vumbi. Vumbi jekundu. La Bahi, bila shaka, au la Dodoma, yanafanana.

Alichomoa, akasafisha kwa mswaki mlaini na tone la spiriti, akangoja likauke, akachomeka, akabandika utepe mpya. Kioo kikawaka.

"Kama isingewaka ningejaribu kebo nyingine," alisema akirudishia skrubu. "Kebo ikikataa, ningeazima kioo kizima cha kupimia. Hicho nacho kikiwaka, ndipo ningekuambia habari ya kununua."

Nikauliza ni shilingi ngapi. Akasema Sh20,000.

Sasa nifikie jambo lililonifanya niandike. Mimi, msomi wa uzamili, binti niliyelelewa kuwaheshimu wazee, nilifungua kinywa changu nikasema: "Elfu ishirini, mzee? Mbona hujabadilisha kitu hata kimoja?"

Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati. "Toa unachoona kinafaa, binti."

Nikatoa Sh10,000. Nikaondoka nikiwa na furaha. Furaha ile ilidumu mpaka daladala ilipokaribia chuo.

Fikiria hesabu yangu. Siku moja kabla nilikuwa tayari kutoa Sh180,000, na mbuzi wa mama juu, bila kubishana hata kwa neno moja, kwa mtu aliyeniambia jambo lisilo kweli. Siku iliyofuata nilimpunguzia nusu ya ujira wake mtu aliyeniambia ukweli. Tena sababu niliyoitoa ilikuwa kwamba ukweli wake haukuambatana na kitu kipya cha kushika mkononi. Laiti angebadilisha chochote, hata skrubu, ningelipa.

Hasira yangu ya kwanza nilimtupia kijana wa duka la kwanza. Mwizi, nilijiambia. Lakini kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona mambo matatu yanayoweza kuwa kweli. Huenda alijua kioo ni kizima akanidanganya. Huenda hakujua, hakufundishwa njia ya tochi. Huenda alijua njia ya tochi lakini hakujisumbua, kwa kuwa mara nyingi kioo cheusi ni kioo kilichokufa, na kubadilisha ni haraka kuliko kutafuta. Ni lipi kati ya haya, sijui. Na nikiamua ni mwizi kwa kuwa tu nina hasira, nitakuwa nimeutazama weusi kwa sekunde kumi na kutoa hukumu, sawasawa na alivyofanya yeye.

Hilo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu ndilo la kawaida. Tuseme aliamini kabisa aliyoyasema. Je, mtu anaweza kuwa na hatia kwa kuamini?

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Kingdon Clifford aliandika insha juu ya maadili ya kuamini. Anasimulia habari za mwenye meli ya kusafirisha wahamiaji. Meli ni ya zamani, imeshatengenezwa mara kadhaa, na mwenyewe ana wasiwasi nayo. Lakini ukaguzi ni gharama. Basi anajituliza: imevuka salama mara nyingi, itavuka tena. Wasiwasi unaisha, anaiaga meli kwa moyo mweupe, na inapozama anapokea fedha za bima. Clifford anasema ana hatia, ingawa aliamini kwa dhati, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini hivyo bila kuchunguza. Kisha anaongeza jambo ambalo wengi hulishangaa: hata kama meli ingefika salama, hatia yake isingepungua.

Nilipoisoma mara ya kwanza darasani, sehemu hiyo ya mwisho niliiona ni ukali wa bure. Meli imefika, watu wamefika, hatia ya nini tena? Nilikuja kuielewa kwa sababu ya kebo. Maana hebu tazama: kama ningelipa zile Sh180,000, kioo kingewaka. Huwezi kufunga kioo kipya bila kuchomoa kebo kwenye kile cha zamani na kuichomeka upya. Katika kuchomeka, ule upande ulioinuka ungekaa sawa, vumbi lingepungua, umeme ungepita. Ningeondoka dukani nikimsifu yule kijana. Ningewaelekeza wenzangu kwake. Kosa lake lingejithibitisha lenyewe kuwa ni ujuzi, na kioo changu kizima kingebaki kwake, pengine kingeuzwa kwa mwingine. Meli ingefika salama. Na mbuzi wangekuwa wameuzwa.

Wanauchumi Michael Darby na Edi Karni waliliandikia jambo hili mwaka 1973, katika makala ambayo kichwa chake kinazungumzia ushindani huru na kiasi mwafaka cha udanganyifu. Vitu tunavyonunua havilingani. Kitenge nakikagua kwa macho kabla sijalipa. Zabibu naonja moja palepale, au nikifika nazo nyumbani najua kama ni tamu. Lakini kuna huduma ambazo hata baada ya kuzinunua na kuzitumia sijui kama nilizihitaji. Matengenezo ni mojawapo, matibabu pia. Anayeniambia ninachohitaji ndiye anayeniuzia. Hapo mteja hana jicho. Anaazima jicho la fundi.

Nikitoka hapa naweza kuhitimisha kirahisi kwamba mafundi wote wawe kama mzee wa Majengo, tukamaliza. Lakini kuna pingamizi ambalo siwezi kulikwepa, kwa kuwa lina jina langu. Mwenye meli wa Clifford alikuwa tajiri. Fundi wa mtaani analipa kodi ya kibanda, umeme, na chakula cha mchana, na wateja wake ni watu kama mimi. Mteja kama mimi hulipia kioo, tochi hailipii. Dakika ishirini za kuuliza "ilianzaje", kumulika, kuunganisha na televisheni, mimi naziona kama salamu. Mzee akipata ukweli wa bei nafuu, anajipunja mwenyewe, kwa kuwa faida yake ingekuwa kwenye kioo kipya. Wateja kumi wa aina yangu wanatosha kumfundisha fundi mwaminifu kwamba uaminifu ni hasara. Wa kumi na moja atakuta kaunta yenye kiyoyozi na sekunde kumi.

Kwa hiyo wajibu wa kuchunguza kabla ya kusema ni wa fundi, hilo silifuti. Ila kuna wajibu mwingine unaokwenda nao, nao ni wetu: kulipa uchunguzi kama kazi, hata unapoishia kwenye "hakuna cha kununua". Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mimi niliona kioo kimewaka, nikadhani kimejiwasha.

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na ningekuwa nimejitoa kwa bei nafuu mno. Tatizo ni kwamba usiku ule nilirudi kwenye sura ya nne.

Tasnifu yangu inahusu mahudhurio ya wanafunzi wa shule za msingi katika vijiji vichache vya Bahi. Niliwapa walimu hojaji, na kwenye swali la sababu za utoro wengi walitia alama kwenye kisanduku kimoja: mwamko mdogo wa wazazi. Nilikuwa nimeandika hivyo, kwa herufi nzito, na mapendekezo yalikuwa tayari: semina za kuwahamasisha wazazi. Sentensi hiyo nimeikuta katika tasnifu nyingi nilizosoma maktabani. Hupita bila kusimamishwa. Hakuna mtahini anayeuliza mwamko ulipimwa kwa kipimo gani, na wazazi wenyewe hawamo chumbani kujibu.

Nilikitazama kile kioo kilichowaka na maneno yangu yaliyokuwa juu yake, na nikasikia sauti ya kaunta: kioo kimekufa, dada. Mwamko mdogo. Hii ni kubadilisha tu.

Nilikuwa na picha za madaftari ya mahudhurio, mamia ya kurasa, nilizozipiga na kuzijumlisha kwa mwaka bila kuzisoma. Nikaanza kuzisoma wiki kwa wiki. Ilinichukua siku nne. Mashimo hayakutawanyika. Watoto walewale waliokuwa wanahudhuria vizuri Januari na Februari walipotea kuanzia Machi, wakazidi Aprili, wakarudi mwaka ulipofika katikati. Mwamko wa mzazi haupandi na kushuka kwa majira. Mtama na uwele ndivyo vinavyokwenda kwa majira. Vinapotoa punje, kwelea kwelea hushuka kwa makundi, na shamba lisilo na mtu wa kuamia linaweza kumalizwa kabla ya mavuno. Anayeamia ni mtoto, kwa kuwa mtu mzima yuko kwenye kazi nyingine ambayo mtoto haiwezi. Katika kijiji kilicholima zaidi mpunga, mashimo yalikuwepo pia, ila katika wiki nyingine.

Nilirudi Bahi. Mama mmoja niliyemkuta akipepeta uwele nilimuuliza, kwa aibu, kuhusu mwamko. Alicheka. "Mwamko ninao, mwanangu. Na ndege nao wanao."

Jambo lililonitisha ni jinsi mapendekezo yangu yangefaulu. Semina ingefanyika Julai, mavuno yakiwa ghalani. Wazazi wangehamasishwa, watoto wangerudi darasani, mstari wa mahudhurio ungepanda, na ripoti ingesema semina imezaa matunda. Kioo kingewaka. Na mwakani, Machi, kingezima tena, na tungesema wazazi hawa ni wagumu kuelewa.

Sisemi kwamba ndege ndio sababu ya kila dawati tupu. Wapo watoto waliokosa sare, wapo waliougua, wapo ambao kweli nyumbani hakuna anayejali. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nimetoa hukumu juu ya watu wasioweza kunijibu bila kuwasha tochi, na kwamba niliamini kwa dhati kila neno niliyoandika. Dhati yangu isingewasaidia kitu.

Sikuwasilisha kwa wakati. Msimamizi wangu alikubali mabadiliko, akasema nitahitaji muhula mmoja zaidi, na muhula una ada. Nilimpigia mama. Nilimweleza habari za ndege, za madaftari, za kijana wa dukani na za mzee. Alisikiliza yote.

"Kwa hiyo mbuzi," alisema.

"Mmoja, mama."

"Nilidhani wamepona." Lakini alimuuza, na mpaka leo tukizungumza hutaja yule mbuzi kwa heshima, kama ndugu aliyekufa vitani.

Mwezi wa kumi nilipita Majengo. Mzee alikuwa na kijana mbele yake, laptopu imemwagikiwa soda. Aliifungua, akamulika, akapima hapa na pale, akamwonyesha mahali bodi ilipoliwa. "Hii usiitupie hela," alimwambia. "Toa diski yako, data zako nzima. Mashine imekwisha." Kijana alishukuru, akafunga begi, akaondoka. Hakuna aliyetaja malipo.

Nikamwamkia, nikamnyooshea Sh10,000.

"Ya nini?"

"Nilibakiza, mzee. Ile laptopu ya kioo."

Aliniangalia kwa muda. Sidhani kama alinikumbuka. Kwake pengine nilikuwa mmoja wa wengi. "Kinawaka bado?"

"Kinawaka."

Akaitia mfukoni mwa shati. Nyuma yangu alikuwa amesimama mama mwenye redio kifuani, imefungwa kwa khanga. Mzee alimpisha kiti, akaipokea kwa mikono miwili.

"Haya, mama," alisema. "Ilianzaje?"